Tangazo la Kazi ya Kufundisha Kiingereza Ng'ambo Lisomwe Kuanzia Pasipoti, si Mshahara

Tangazo lenyewe huwa fupi. "Walimu wa Kiingereza wanahitajika haraka Asia. Mataifa yote. Shahada si lazima. Mshahara dola 1,800, nyumba na tiketi ya ndege bure. Nafasi chache, tuma pasipoti kwa WhatsApp." Kufikia jioni limeshazunguka katika vikundi vya walimu kutoka Githurai hadi Rongai, na waliolisoma wameshazigeuza dola 1,800 kuwa shilingi. Hapo ndipo mambo huanza kuharibika, maana mshahara ndicho kitu rahisi kuliko vyote kuandika kwenye tangazo. Kigumu ni jina la shule, na hilo halimo.

Kwa maoni yangu, Mkenya anayesaka kazi hii mtandaoni aanze na swali moja kabla ya kuangalia pesa: je, sheria ya viza ya nchi hiyo inaikubali pasipoti ya Kenya kwa mwalimu wa Kiingereza? Matangazo mengi hudai yanataka "mzungumzaji asilia", nasi tumezoea kulipokea hilo kama tusi. Tuliache tusi kando kwanza, tuulize limetoka wapi. Mara nyingine ni sheria ya nchi. Mara nyingine ni ladha tu ya mwenye shule, au ya wazazi wanaomlipa. Ladha unaweza kuibadilisha kwa somo la majaribio lililopangika. Sheria huibadilishi kwa barua pepe, hata uandike vizuri namna gani.

Korea Kusini ni mfano wa sheria. Viza ya E-2, ambayo ndiyo ya walimu wa lugha, kwa kawaida hutolewa kwa mwalimu wa Kiingereza aliye raia wa mojawapo ya nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. Katiba yetu ya 2010 inakitambua Kiingereza kuwa lugha rasmi sawa na Kiswahili, lakini afisa wa uhamiaji kule Seoul hasomi katiba yetu, anasoma orodha yake. Basi tangazo la Korea linalosema "mataifa yote" limeandikwa na mtu asiyeijua kazi yake, au anayeijua mno.

China inachanganya zaidi, na huko ndiko wengi huumia. Kanuni za kibali cha kazi zinataka mwalimu wa lugha afundishe lugha yake ya kuzaliwa, awe na shahada na uzoefu wa miaka 2. Shahada ya ualimu au cheti cha TEFL, yaani cha kufundisha Kiingereza kwa wageni, huweza kuchukua nafasi ya uzoefu huo. Kwa Mkenya, kizuizi ni lile sharti la kwanza. Sasa wakala anayetaka kumjaza mtu katika shule ya chekechea hutafuta njia ya mkato: anakuingiza kwa viza ya biashara au ya mwanafunzi, au anakutafutia kibali kwa jina la kampuni moja kisha anakupeleka kufundisha kwingine. Kibali kile kina jina la mwajiri mmoja. Ukikutwa darasani kwa mwingine, sheria ya uhamiaji iliyoanza kutumika 2013 inaruhusu faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito, kufungiwa siku 5 hadi 15. Anayekamatwa ni mwalimu, si wakala aliyeketi na simu zake tatu. Njia halali iliyo pana zaidi kwa Mkenya mwenye shahada ya ualimu ni kufundisha somo lake, hisabati au sayansi kwa mfano, katika shule ya kimataifa. Na anayeota kuwafundisha watoto wa China kwa kompyuta akiwa kwake Kasarani ajue kwamba mlango huo ulibanwa sana Julai 2021, serikali yao ilipoyakaba masomo ya ziada ya kibiashara na kuwapiga marufuku walimu walio nje ya nchi.

Thailand ndiko ladha inakotawala, kwa hivyo ndiko Mkenya ana la kubishania. Pasipoti haikufungii mlango. Unahitaji shahada, viza ya kazi iitwayo Non-Immigrant B, kisha kibali cha kazi na idhini ya baraza la walimu la huko. Na asiyehesabiwa kuwa mzungumzaji asilia hutakiwa kuonyesha alama za mtihani wa Kiingereza, kwa kawaida TOEIC ya 600 kwenda juu. Alama hizo hudumu miaka 2 tu, kwa hivyo usikimbilie mtihani kabla hujaanza kutuma maombi. Tangazo likikuambia "njoo kama mtalii, tutabadilisha viza ukifika", jua kwamba kubadilisha ndani ya nchi huwezekana wakati mwingine, ila mzigo wa hatari ni wako mwenyewe, na ukianza kufundisha kabla kibali hakijatoka umeshavunja sheria.

Nchi za Ghuba sina maneno mengi nazo. Shule za maana hutaka shahada ya ualimu, miaka miwili au zaidi darasani na vyeti vilivyothibitishwa hadi ubalozini. Mwenye B.Ed., yaani shahada hiyo ya ualimu, na namba ya TSC, tume ya walimu ya Kenya, aliyefundisha kweli ana nafasi nzuri zaidi huko kuliko kuhangaika na chekechea za Asia. Asiye nazo asipoteze bando.

Mahali pa kuangalia pako wazi. Tovuti ya Dave's ESL Cafe ipo tangu 1995, Ajarn ni ya Thailand, TEFL.com ina matangazo ya nchi nyingi, na shule nyingi huweka nafasi kwenye tovuti zao wenyewe. Lakini kutokea kwenye ukurasa wenye jina si ushahidi kwamba kazi ipo. Angalia majira pia. Shule za Thailand hufungua Mei na Novemba, kwa hivyo hutafuta watu Machi, Aprili na Oktoba. China huanza Septemba, na muhula wa pili Februari au Machi. Ghuba huajiri mwanzoni mwa mwaka kwa ajili ya Agosti na Septemba. Tangazo la "haraka sana" la shule ya Thailand lililotoka Julai huenda ni la kweli, mwalimu ametoroka. Basi uliza ametoroka kwa nini.

Kuhakiki hakuhitaji ujuzi wa kijasusi. Omba jina kamili la shule na anwani, uitafute kwenye ramani, kisha piga namba ya simu uliyoipata wewe mwenyewe, si ile ya tangazo. Kwa China, omba jina la kampuni kwa herufi za Kichina pamoja na namba yake ya usajili yenye tarakimu na herufi 18. Kampuni halali inayo, na haioni haya kuitoa. Picha ya darasa iliyo kwenye tangazo itafute kwa picha mtandaoni. Mara nyingi utaikuta kwenye tovuti ya shule nyingine kabisa. Mwisho, omba kuongea dakika kumi na mwalimu wa kigeni anayefundisha hapo sasa. Ombi hili la mwisho ndilo linalowatimua matapeli wengi.

Na hili si jambo la kubahatisha. Mwaka 2022 serikali ilitoa onyo kuhusu matangazo ya kazi za Thailand, baada ya Wakenya kuvushwa mpaka hadi Myanmar na kufungiwa katika majengo ya utapeli wa mtandaoni. Ukiambiwa shule iko Bangkok, halafu gari lililokupokea uwanjani linashika njia ya Mae Sot, huo ni mji wa mpakani ulio karibu kilomita 500 kutoka Bangkok. Hakuna shule ya Bangkok kule. Hifadhi namba ya ubalozi wa Kenya Bangkok kwenye simu kabla ya kupanda ndege.

Ukishapata tangazo safi, barua yako iwe fupi. Kwenye kichwa cha barua pepe weka uraia, shahada na tarehe unayoweza kuanza, kwa sababu anayepokea maombi mengi huchuja kwa hayo matatu. Wasifu wako uwe kurasa mbili za PDF. Wakenya tuna tabia ya kujaza namba ya kitambulisho, dini, majina ya wazazi na alama za KCPE. Yote hayo toa. Wadhamini wako wawe na barua pepe wanazozifungua, si sanduku la posta. Pasipoti usiitume kabla ya mahojiano, na ukiituma, andika juu ya nakala jina la shule na tarehe ili isitumike kwingine.

Video ya somo ndiyo inayobadilisha ladha ya mwajiri, na ndiyo tunayoifanya vibaya. Mwalimu aliyezoea darasa la wanafunzi hamsini husimama mbele ya ubao akahutubu: dakika moja ya salamu, mbili za kueleza maana ya kihusishi, kisha mifano ubaoni. Mwajiri amezima. Chukua dakika tano, kikombe, meza na mtoto mmoja au wawili wa jirani kwa ruhusa ya wazazi wao. Weka kikombe juu ya meza, sema sentensi moja, waseme. Weka chini ya meza, sema, waseme. Halafu mpe mtoto kikombe akiweke mwenyewe, na mwenzake aseme kiko wapi. Ukimaliza, hesabu nani ameongea zaidi. Ikiwa ni wewe, rudia. Simu ilazwe upande, mwanga wa dirisha ukupige usoni wala si mgongoni, na matatu zikipita nje funga dirisha. Na tafadhali, usitweng'e, yaani usiigize lafudhi ya kigeni. Kiingereza cha Kenya kilichotamkwa wazi na polepole kinaeleweka. Lafudhi ya kuigiza huanguka dakika ya tatu.

Mahojiano ya saa nne asubuhi Bangkok ni saa kumi na mbili asubuhi Nairobi, na Beijing iko mbele yetu kwa saa tano. Chaji kila kitu usiku, na uwe na simu ya pili yenye bando, kwa sababu stima haiombi ruhusa.

Kuhusu cheti cha TEFL: cha saa 120 kwa mtandao kinatosha kwa shule nyingi za Thailand, lakini hakikufundishi kufundisha. CELTA, cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza, ina angalau saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi huku ukitazamwa, na bei yake ni ya juu ipasavyo. Mwenye B.Ed. hahitaji kuuza shamba kwa ajili ya CELTA.

Makaratasi ya Nairobi yana mpangilio wake. Anza na vyeti vya masomo: cha KCSE kithibitishwe na KNEC, baraza la mitihani, cha shahada na chuo kilichokitoa, kisha Wizara ya Mambo ya Nje katika jengo la Old Treasury, Harambee Avenue, halafu ubalozi husika. Mambo mawili hukwamisha watu. La kwanza ni cheti kilichofunikwa kwa plastiki; muhuri haukai juu ya plastiki, na kuibandua huweza kukiharibu cheti. La pili ni majina. Kitambulisho kina Mary Wanjiku Kamau, KCSE ina Wanjiku Mary, shahada ina Mary W. Kamau, na afisa wa ng'ambo anaona watu watatu. Kiapo mbele ya wakili husaidia, lakini kifanye sasa, si wiki ya viza. Cheti cha maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi, kiache cha mwisho, kwa kuwa waajiri wengi hukitaka kiwe cha miezi sita au chini. Unaomba kwenye eCitizen, unalipa shilingi 1,050, unapigwa alama za vidole Huduma Centre ya GPO au makao makuu ya DCI Kiambu Road. Alama zikififia utaitwa tena. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Kabla ya hapo kadi haihesabiki.

Mkataba sasa. Tafuta tofauti kati ya saa za kufundisha na saa za kukaa shuleni, idadi ya miezi inayolipwa (mawakala wa Thailand hupenda 10 au 11), tiketi inarudishwa lini, na faini ya kuondoka mapema. Kifungu kinachosema mwajiri atakaa na pasipoti yako kifutwe au usitie sahihi. Beba pesa za kukutosha angalau wiki sita, kwa kuwa nyumba hutaka amana kabla mshahara haujaingia.

Kama kuna wakala Nairobi, mtafute kwanza katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, uangalie leseni yake inaisha lini, na kila shilingi iwe na risiti yenye jina la kampuni, si M-Pesa ya mtu binafsi. Halafu kuna hatua ambayo karibu kila mtu huiruka. Sheria ya Ajira ya 2007, kuanzia kifungu cha 83, inataka mkataba uliofanywa Kenya kwa kazi ya nje ya nchi uthibitishwe na afisa wa leba, ambaye lazima aridhike kwamba umeuelewa na hukulaghaiwa. Kifungu cha 86 kinamtoza anayekupeleka bila mkataba huo faini hadi shilingi 200,000, kifungo hadi miezi 6, au vyote viwili. Wakala akikuambia walimu hawahitaji hatua hiyo, mwombe akuandikie hivyo kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni yake na sahihi yake.