Kifuu chembamba kilinidanganya

Miaka mitano iliyopita nilinunua miche 40 ya michikichi kwa jamaa mmoja hapa Kigoma. Nilipomuuliza kama ni tenera kweli, ile aina ya kifuu chembamba na nyama tele yenye mafuta, hakusema kitu. Alichukua kokwa kutoka kwenye ndoo ya mbegu zake, akaliweka juu ya jiwe, akaligonga mara moja. Kifuu kikapasuka kama ganda la yai, mise, yaani kiini cha ndani, ikarukia mchangani. "Umeona mwenyewe, kaka?" Nikaona, nikalipa.

Sasa michikichi inazaa, na kila mti una tabia yake. Nikikata tunda la mti wa kwanza kando ya njia, kisu kinapita kwenye nyama kidogo tu ya rangi ya chungwa, halafu kinagota: kifuu kinene, mise katikati. Hiyo ni dura, ile ile waliyokuwa nayo babu zetu. Mti wa pili una nyama tele, na kifuu chake chembamba kimezungukwa na duara la vidoa vyeusi. Ni vichwa vya nyuzi zinazopita ndani ya nyama, na dura haina duara hilo. Hiyo ndiyo tenera. Kuna mingine imesimama vizuri kuliko yote, majani ya kijani hasa, lakini mikungu inaozea juu. Ukibahatisha tunda lake, ni nyama tupu bila kifuu. Pisifera.

Jamaa hakunibadilishia kokwa. Lile alilopasua lilitoka kweli kwenye mti wa tenera, na kosa liko hapo hapo.

Kifuu si mali ya mtoto. Ni sehemu ya tunda, na tunda ni mwili wa mama. Mtoto mwenyewe ni kijiti kidogo kilicholala ndani ya mise, chini ya mojawapo ya yale matundu matatu ya kwenye kifuu, kama ya nazi. Chipukizi litatokea kwenye tundu hilo. Baba ameleta chavua tu, naye hukisii unene wa kifuu chake kwa kutazama nguo ya mama. Mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen waliokuwa wakifanya utafiti Yangambi, Kongo, walieleza kwamba tenera ni chotara wa dura na pisifera. Ukizalisha tenera kwa tenera, robo ya watoto wanarudi dura, robo wanakuwa pisifera, nusu tu ndio wanabaki tenera. Baba akiwa dura wa jirani, nusu ya watoto ni dura. Shamba langu ni hesabu hiyo iliyoota majani.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: mwuza miche akikupasulia kokwa lenye kifuu chembamba kukuthibitishia tenera, rudisha pesa mfukoni. Mbegu halali ya tenera huchumwa kwenye mama wa dura aliyepewa chavua ya pisifera kwa mkono wa mtu, kwa hiyo kifuu chake ni KINENE. Najua inasikika kichwa chini miguu juu. Tangu serikali ivalie njuga michikichi mwaka 2018, kila mwenye ndoo na viroba amekuwa mtaalamu, na sisi wanunuzi tunapenda kuonyeshwa kitu kwa macho. Afadhali umwulize mbegu imetoka wapi na uone karatasi, au uende mwenyewe hadi kituo cha utafiti cha TARI Kihinga. Nauli ya kwenda huko ni ndogo kuliko miaka mitano.

Shangazi yangu ananicheka. Juzi nilimkuta anaunga migebuka kwa mawese ya shamba hilo hilo, chini ya sufuria amejaza vifuu vya ile miti yangu ya dura.

"Lakini mwanangu," akaniambia, "vinashika moto hivi! Usiikate yote."