Sheria ya Kutoa Mimba Hubadilisha Nini Hasa?

Anayeamini kwamba uhai wa binadamu huanza pale mimba inapotungwa, akisikia habari ya kutoa mimba, anaona mtu anauawa. Si haki kumwita adui wa wanawake kwa sababu hiyo. Wa upande wa pili anamwona mwanamke mwenye mimba, mwili wake na maisha yake, na anauliza nani mwingine ana haki ya kumwamulia. Takwimu hazitamaliza ubishi huo. Ila swali la sheria inafanya kazi gani, hilo linapimika.

Mwaka 1966 serikali ya Romania, chini ya kiongozi wake Ceaușescu, ilipiga marufuku karibu kila utoaji mimba. Mwaka uliofuata idadi ya watoto waliozaliwa ilikaribia kuongezeka maradufu, kwa hiyo wanaodai kwamba marufuku haibadilishi chochote wanakosea. Lakini miaka michache baadaye uzazi ulianza kushuka tena, kwani wanawake walikuwa wamejua njia za vichochoroni, na vifo vya uzazi vikapanda hadi kuwa miongoni mwa vingi zaidi Ulaya. Marufuku ilifutwa Desemba 1989. Ndani ya mwaka mmoja vifo hivyo vilipungua kwa takriban nusu.

Kilichowaua wanawake wale ni njia zilizotumika. Shirika la Afya Duniani linatambua vidonge na kifaa cha kufyonza kuwa njia salama kwa mimba changa. Kidonge kimoja, mifepristoni, huzuia homoni inayoitunza mimba. Kingine, misoprostoli, hulifanya tumbo la uzazi libane na kutoa kilichomo. Damu hutoka nyingi kuliko ya hedhi, na tumbo huuma kwelikweli. Kufyonza huchukua dakika chache tu mikononi mwa mhudumu aliyefunzwa. Kukwangua kwa chuma, ambako bado kunafanyika mahali pengi, shirika hilo linataka kuachwe. Vijiti, kemikali na mitishamba ya kuingizwa ukeni ndivyo hutoboa kizazi na kuleta maambukizi.

Hata njia salama ina mipaka. Vidonge haviondoi mimba iliyotunga nje ya kizazi, ambayo huweza kumuua mwanamke kwa kuvujia damu ndani. Anayelowesha pedi mbili kubwa kwa saa, kwa saa mbili mfululizo, au mwenye homa isiyoshuka, awahi hospitali. Kadiri wiki zinavyosonga ndivyo hatari inavyoongezeka, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kuruhusu kisheria kunatosha. Italia iliruhusu mwaka 1978, lakini zaidi ya nusu ya madaktari wake wa uzazi hukataa kwa sababu za dhamiri. Dhamiri yao naiheshimu. Hospitali isiyomweka mwingine badala yao ndiyo siielewi, maana mwanamke anazungushwa huku mimba inakua.

Lipo jambo ambalo pande zote mbili zingeweza kulikubali leo. Mimba iliyotolewa kwa vidonge vilivyomezwa na iliyoharibika yenyewe huonekana sawa kitandani, na matibabu yake ni yale yale. Daktari hahitaji kumhoji aliyeletwa akivuja damu ili amtibu. Mwanamke anayeogopa kukabidhiwa polisi hubaki nyumbani, na hao ndio hufikishwa hospitali wakiwa wamechelewa mno.