Cognac: karameli na maji ya mbao ni ufundi au uchakachuaji?

Kuna ubishi wa wapenzi wa Cognac, brandi (pombe kali ya zabibu) ya eneo la Cognac kule Ufaransa, ambao hauishi. Sheria za Ufaransa zinamruhusu mzalishaji kuongeza vitu vitatu kabla ya kujaza chupa: sukari, karameli ya kuweka rangi, na kitu wanakiita boisé, yaani maji yaliyochemshiwa vipande vya mwaloni mpaka yakawa meusi na machungu. Wengine wanasema huo ni ufundi, wengine wanasema ni uchakachuaji uliohalalishwa.

Sasa ili uelewe kwanini watu wanakasirika lazima ujue kazi yenyewe. Zabibu nyingi pale ni Ugni Blanc, nyeupe, mvinyo wake una uchachu mkali na kilevi kidogo, ukiunywa hivyohivyo hutaupenda ila kwa brandi ndo wenyewe. Unapikwa mara mbili kwenye mtambo wa shaba, mwisho tarehe 31 Machi, na kinachotoka ni cheupe kama maji, kilevi asilimia 70 hivi. Rangi na vanila vyote vinatoka kwenye pipa. Kinaanza pipa jipya alafu kinahamishiwa la zamani ili mbao zisizidi, na kila mwaka kama asilimia 2 inapotelea hewani, ndo maana kuta za maghala ya kule ni nyeusi, kuna kuvu anaishi kwa huo mvuke.

Wanaotetea wana hoja, tena nzito. Pipa na pipa hazifanani, na mtu akinunua VS, daraja la Cognac changa kabisa ambalo sheria inataka likae kwenye pipa miaka 2 tu, anategemea ladha ileile ya mwaka jana, sasa anayechanganya mapipa afanyeje? Karameli kidogo ya kusawazisha rangi haisikiki mdomoni. Hapo mi nakubali kabisa.

Boisé ndo sikubali. Mbao ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni hewa inayopenya taratibu kwenye pipa miaka na miaka, hapo ndo unapata ile harufu wanaiita rancio, ya jozi, uyoga na ngozi kuukuu, na hiyo huwezi kuichemsha kwenye sufuria. Chukua glasi yenye mdomo mwembamba, mimina brandi changa iliyotiwa boisé: rangi kahawia nzito inakuahidi uzee, unanusa vanila ya juujuu, chini yake peasi mbichi na ukali wa kilevi, alafu mwishoni uchungu kama chai iliyosahaulika jikoni. Na wenyewe wanajua muda una thamani, mwaka 2018 umri wa chini wa XO, daraja la Cognac kuukuu, ulipandishwa kutoka miaka 6 hadi 10.

Kuna wanaokimbilia Armagnac, brandi nyingine ya Ufaransa, kule Gascony, kwa sababu utakuta chupa nyingi za mwaka mmoja wa mavuno na nyingine hazijaongezwa hata maji. Sawa, ila nayo kwa kawaida hupikwa mara moja tu, ikiwa changa inakwaruza koo, na mwaka wa mavuno ukiwa mbaya hakuna mwaka mwingine wa kuuficha.

Kwahiyo mi sisemi wapige marufuku, wachanganye tu, lakini waandike. Ujerumani pombe kali yenye karameli lazima ionyeshe kwenye lebo, na Cognac inauzwa kule kila siku bila shida, sasa sisi wanywaji wengine tunafichwa kwanini?