Chokaa ya mashine ya unyevu huyeyushwa, haikwanguliwi

Njia ya haraka ya kuiharibu mashine ya kuongeza unyevu hewani ni kuchukua kisu na kuanza kukwangua ule ukoko mweupe uliogandamana chini ya tangi. Wengine hutumia bisibisi, wengine sifongo ya waya. Ukoko unabanduka vipande vipande, mtu anaona kazi inaenda, kumbe na uso wa plastiki au wa chuma uliokuwa chini yake unatoka nao. Baada ya hapo mashine inatoa ukungu hafifu, au haitoi kabisa, na chokaa mpya inashika upesi kuliko ya kwanza kwa sababu ile michirizi imeipa mahali pazuri pa kujishikiza.

Msimamo wangu ni kwamba ule ukoko usichukuliwe kama uchafu. Ni jiwe. Kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kinachounda mawe ya chokaa na marumaru. Jiwe la aina hii halina ubavu mbele ya asidi, hata asidi dhaifu ya jikoni. Inachodai ni muda, na muda ndio watu wengi wanaukataa. Wanataka dakika mbili za kusugua badala ya saa moja ya kuacha kitu kilowe huku wakifanya mambo yao.

Chokaa yenyewe inaingia ikiwa haionekani. Maji yanapopita ardhini huokota kalsiamu na magnesiamu, na yakiwa nazo kwa wingi huitwa maji magumu. Kwa kipimo kinachotumika sana, yakiwa na zaidi ya miligramu 120 za madini hayo kwa lita, yakihesabiwa kama kalsiamu kaboneti, ni magumu, na yakivuka 180 ni magumu sana. Ndani ya bomba madini hayo yamo katika hali ya kuyeyuka, kwa hiyo ukiyatazama maji kwenye glasi ni safi kabisa. Maji yakipashwa moto au yakikauka, kaboni dioksidi iliyokuwa ikiyashikilia madini inatoroka, na kalsiamu inarudi kuwa jiwe. Mashine ya unyevu haina kazi nyingine zaidi ya kukausha maji usiku kucha. Tuseme maji yako yana miligramu 300 za madini kwa lita, na mashine inamaliza lita 3 kwa usiku mmoja. Hiyo ni karibu gramu nzima ya madini ambayo lazima iende mahali. Ama itabaki kwenye tangi, ama itarushwa hewani. Usiku kumi, gramu tisa.

Siki ya kawaida ya jikoni ina asidi ya asetiki kama asilimia 5. Ikikutana na chokaa, kaboneti inavunjika: kaboni dioksidi inatoka kama mapovu, na kalsiamu inageuka kuwa chumvi inayoyeyuka vizuri na kumwagika pamoja na maji. Kwa hesabu ya kemia, lita moja ya siki ya namna hiyo inaweza kula takriban gramu 40 za chokaa kabla haijaisha nguvu. Ukilinganisha na gramu tisa za usiku kumi, utaona kwamba hakuna sababu ya kukimbilia kitu kikali.

Hata hivyo, kati ya siki na asidi ya sitriki, mimi nachagua sitriki. Ni ule unga mweupe wa chengachenga, ndiyo asidi iliyomo kwenye ndimu na limau. Haina harufu, na kwa mashine ambayo kazi yake ni kukupulizia hewa usoni ukiwa umelala, hilo si jambo dogo. Harufu ya siki hujificha kwenye mpira na kwenye vijia vyembamba, kisha inatokea siku ya pili ukidhani imekwisha. Vijiko viwili vya chakula vya unga wa sitriki ndani ya lita moja ya maji vinatosha kwa ukoko wa kawaida. Maji yawe ya uvuguvugu, yasiwe ya moto sana. Kuna wanaodhani kadiri yanavyochemka ndivyo yanavyofanya kazi, lakini kalsiamu na sitriki huungana na kutengeneza chumvi ambayo tabia yake ni kinyume na nyingi: hukataa kuyeyuka zaidi maji yakiwa moto. Mchanganyiko mkali sana na wa moto sana unaweza kukuachia utando mwingine mweupe juu ya ule uliokuwa ukiutoa.

Juisi ya limau nayo inafanya kazi, kwa sababu ina sitriki hiyohiyo. Siipendekezi. Ina sukari na nyamanyama za tunda, navyo ni chakula cha vijidudu. Kama huna kingine, ichuje vizuri na usuuze mara nyingi zaidi.

Jinsi ninavyofanya ni hivi. Nachomoa mashine kwenye umeme, namwaga maji yote, kisha namimina mchanganyiko kwenye beseni la chini, hadi ukoko wote ufunikwe. Si lazima tangi lote lijae. Chokaa iliyopanda juu ya usawa wa maji, kwenye kuta na kwenye mdomo wa kutolea ukungu, naifunika kwa kitambaa kilicholowa mchanganyiko huohuo. Kisha naacha.

Ukisogeza jicho karibu utaona kazi ikiendelea. Kwanza kunatokea mstari wa mapovu madogo kwenye ukingo wa ukoko, pale ulipo mwembamba. Mapovu yanapanda moja moja, na ukingo unarudi nyuma polepole hadi plastiki inaonekana chini yake. Ukoko mnene hauishi wote kwa kuyeyuka: asidi inapenya chini yake, na baada ya muda kipande kizima kinajibandua na kuelea kama gamba. Mapovu yakikoma na ukoko bado upo, maana yake asidi imechoka. Imwage, weka mpya. Usiongeze nguvu ya mkono. Kwa utando mwembamba nusu saa inatosha, kwa ukoko wa muda mrefu ni saa moja au mbili, na ule uliotelekezwa msimu mzima utahitaji awamu zaidi ya moja.

Kisahani kinachotetema nakitaja peke yake kwa sababu ndicho moyo wa mashine nyingi za siku hizi. Ni kile kidude cha duara, chepesi, kilicho chini ya maji, ambacho hutetema zaidi ya mara milioni moja kwa sekunde na kuyapasua maji yawe ukungu bila kuyachemsha. Tabaka jembamba tu la chokaa juu yake hulemea mtetemo, na ukungu unapungua ingawa kila kitu kingine ni kizima. Ukikipitishia ncha ya kidole, mashine ikiwa imechomolewa, utasikia mkwaruzo kama wa msasa laini. Hapo weka matone ya asidi juu yake, subiri dakika kumi au kumi na tano, kisha futa kwa kijiti cha pamba au brashi laini iliyokuja na mashine. Kikiwa safi kidole kinateleza. Chuma chochote kikigusa hapo, au hata ukucha ukibonyezwa sana, kinaweza kukwaruza uso wake, na mkwaruzo huo hautibiki.

Mashine za kuchemsha maji zina taabu yao. Chokaa inajenga juu ya chuma cha kupashia moto, na kwa kuwa haipitishi joto vizuri, chuma kinazidi kupata moto huku maji yakichelewa kuchemka. Asidi ni ileile, ila soma kijitabu cha mashine kabla ya kuiloweka, kwa sababu alumini, shaba na vitu vilivyopakwa zinki huliwa na asidi zikiachwa ndani kwa muda mrefu. Usilaze usiku kucha kitu ambacho saa moja ingekimaliza. Na beseni lako lisiwe juu ya meza ya marumaru, kwa sababu ambayo nimeshaitaja mwanzoni.

Nakuja kwenye jambo linalonikera kuliko yote. Kuna ushauri unaozunguka kila mahali wa kuchanganya siki na bikaboneti ya soda, ule unga wa kuumulia keki. Unatoa povu jingi, na povu linawafurahisha watu. Lakini povu hilo ni asidi inayojimalizia nguvu kwenye unga badala ya kwenye chokaa. Kinachobaki ni maji yenye chumvi isiyo na kazi. Tumia kimoja. Kwa chokaa, ni asidi peke yake.

Huo ni upotevu tu, haumdhuru mtu. Hatari yenyewe iko kwenye dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Ikikutana na siki au sitriki hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma mapafu hata ikiwa kidogo, na ndani ya chumba kilichofungwa inaweza kuua. Hata masalia yaliyobaki kwenye tangi yanatosha kuleta balaa. Kama umesafisha kwa asidi na unataka pia kuua vijidudu, suuza kwanza hadi tangi lisiwe na dalili ya asidi, na mimi binafsi kwa kazi hiyo ya pili hutumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, halafu nasuuza tena.

Na ndiyo, ni kazi mbili. Kutoa chokaa si kuua vijidudu. Siki inawapunguza baadhi, lakini isikudanganye ukadhani tangi limetakasika. Chokaa inahusika na vijidudu kwa njia nyingine: uso wake una vijishimo, na ndani ya vijishimo hivyo ute wa bakteria hupata maficho. Ndiyo maana chokaa hutangulia kutolewa, ndipo dawa ya vijidudu iweze kufika inapotakiwa. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA, linashauri tangi la mashine ndogo limwagwe na kukaushwa kila siku, na mashine isafishwe kila siku ya tatu. Wengi wataona ni nyingi mno. Mimi naona ni sawa, hasa mashine ikiwa chumbani kwa mtoto.

Kamwe usiwashe mashine ikiwa na asidi ndani. Nimesoma wanaoshauri kuiendesha na siki "ili isafishe na njia za ndani". Kila kilichomo kwenye maji ya mashine ya kutetema kinapanda na ukungu na kuingia mapafuni mwa aliyelala karibu. Korea Kusini imelijua hilo kwa gharama kubwa mno. Kwa miaka mingi ziliuzwa huko dawa za kuua vijidudu zilizotengenezwa mahsusi kutiwa kwenye maji ya mashine hizi. Mwaka 2011 wachunguzi wa afya waligundua kwamba ndizo zilizokuwa nyuma ya ugonjwa wa mapafu uliokuwa ukiua watu, wakiwemo watoto wachanga na mama zao. Familia zilinunua dawa hizo kwa nia ya kuwalinda watoto walewale. Kitu ambacho ngozi inakivumilia, mapafu yanaweza kukikataa kabisa. Kwa hiyo suuza. Jaza maji safi, tikisa, mwaga, rudia mara tatu au nne, na kabla ya kuirudisha chumbani iwashe kwa dakika chache ikiwa na maji matupu, karibu na dirisha lililo wazi.

Vichujio vya utambi, vile vinavyonyonya maji na kupulizwa na feni, vinaweza kulowekwa kwenye asidi hafifu mara chache. Vikishakauka vikawa vigumu kama ubao, tupa, weka vipya. Ndani ya nyuzi chokaa haifikiki vizuri, na kichujio kilichozeeka hushika ukungu wa kuvu.

Ikitokea ukoko haupigi povu hata kidogo na unakataa asidi mpya, huenda ni kalsiamu salfeti, yaani jasi. Hiyo haishughulikiwi na siki wala sitriki kwa namna ileile, na kwa kifaa cha bei ndogo ni heri kubadilisha sehemu husika kuliko kuanza kujaribu asidi za chooni, ambazo hazina nafasi kabisa katika kitu cha kuvuta pumzi.

Dawa ya kweli ya chokaa ni maji yasiyo nayo. Maji yaliyotoneshwa kwa mvuke, au yaliyopitishwa kwenye kichujio cha utando kinachozuia madini, hayaachi karibu chochote. Kuchemsha maji kunasaidia nusu: sehemu ya chokaa inabaki kwenye sufuria, nyingine inaendelea na safari. Mitambo ya kulainisha maji kwa chumvi nayo isikupe matumaini makubwa kwa kazi hii. Inaondoa kalsiamu na kuweka sodiamu mahali pake, kwa hiyo ukoko mgumu utapungua, lakini uzito wa madini ndani ya maji unabaki karibu uleule, na mashine ya kutetema itaendelea kutandaza vumbi jeupe juu ya meza na kwenye skrini ya televisheni.