Tuwapime wajawazito sonona, lakini nani atawapokea?

Mama mjamzito akifika kliniki Kondele au Nyalenda, mjini Kisumu, atapimwa uzito, presha, mkojo na damu, pamoja na virusi vya Ukimwi, na majibu yataandikwa kwenye kijitabu chake. Mara nyingi atarudi nyumbani bila kuulizwa kama analala au kama kuna kitu bado kinamfurahisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, 15.6% ya wajawazito hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Ndiyo maana wengi wanataka kila mjamzito apimwe.

Hoja yao ina uzito. Uchovu, usingizi kupotea, chakula kutoshuka: yote hayo huambiwa ni mimba tu. Mwanamke anayeishi kwa mama mkwe huku mume yuko Nairobi kutafuta riziki hatajieleza kama hajaulizwa. Dodoso la Edinburgh, yaani orodha ya maswali ya kutambua sonona iliyotungwa mwaka 1987, lina maswali 10 tu, na nesi anaweza kulimaliza kwa dakika chache.

Wanaopinga hupenda kuitaja Canada. Mwaka 2022, jopo la nchi hiyo la huduma za kinga lilishauri wajawazito wote wasipimwe kwa dodoso, ilhali jopo la Marekani lilikuwa limependekeza upimaji tangu 2016. Lakini ushauri wa Canada unachukulia kwamba mhudumu tayari humuuliza mama hali yake katika huduma ya kawaida. Nesi mmoja mwenye foleni inayofika mlangoni hana nafasi hiyo. Kwa hiyo hoja ya Canada haituhusu moja kwa moja, na nadhani inanukuliwa kwa haraka mno.

Hoja ya hesabu ndiyo inayonisumbua. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa alama 11 na zaidi, dodoso la Edinburgh hunasa takriban 81% ya walio na sonona iliyofikia kiwango cha ugonjwa, na huwaondolea shaka 88% ya wasio nayo. Chukua wajawazito 100, na tuseme 15 kati yao wanaugua. Dodoso litanasa 12 na kuwaacha 3, kisha litawatia shaka wengine 10 walio wazima. Hao 22 wanahitaji mtu wa kukaa nao na kuwasikiliza kwa makini kabla ya yeyote kuambiwa ni mgonjwa.

Halafu kuna swali la 10, linalouliza kama mama amefikiria kujidhuru katika siku saba zilizopita. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya. Woga huo hauondoki kwa hukumu moja. Kumuuliza mama swali hilo kwenye benchi, jirani yake akisikia, ni kumfundisha kujibu "la". Na akijibu "ndiyo" saa tano asubuhi, nesi ampeleke kwa nani?

Tiba ipo, na si lazima ianze na daktari wa akili. Nchini Pakistan, wahudumu wa afya wa vijijini walifunzwa kuwatembelea wajawazito na kuzungumza nao kwa mpangilio. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha sonona ikipungua sana. Wahudumu wetu wa afya ya jamii tayari wanaingia kwenye nyumba hizo hizo. Kwa sonona kali dawa huhitajika, na anayezitumia asiziache ghafla kwa sababu tu shangazi amesema zitamdhuru mtoto. Daktari anaweza kubadilisha: paroxetine kwa kawaida huepukwa, sertraline hutumika mara nyingi.

Mimi naunga mkono kupima, ila kwa sharti. Kaunti isipeleke dodoso kwenye zahanati yoyote kabla haijataja mtu wa kumpokea mama siku ile ile, chumba chenye mlango unaofungwa, na nani atalipa nauli yake akitumwa hospitali ya rufaa. Zahanati zilizo na hayo zianze sasa. Zingine zianze na mafunzo ya wahudumu wa jamii, na bajeti iandikwe mwaka huu.