Zawadi ya wakwe isiyoenea nyumbani: pima kwanza, sema mapema

Rafiki akikuletea kitu usichokihitaji, unashukuru, unakiweka pembeni na mambo yanaisha. Mkwe akileta kochi la watu saba, kesho kutwa atakuja kulikalia. Ndiyo maana wengi hufuata njia inayoonekana nyepesi: wanapokea kwa shangwe, wanakisukumia kitu stoo, halafu wanakitoa mbiombio siku wakwe wanapopiga hodi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote, na wala sizungumzii maadili hapa. Vitu huharibika vikifichwa. Friza ikizimwa na kufungwa mlango huota ukungu ndani, na mpira wa mlango hugandana. Godoro likisimamishwa ukutani miezi kadhaa hupinda. Sufu huliwa na nondo, ngozi hukakamaa na kupasuka. Siku ya siku kitu kinatoka kimechakaa, na badala ya kosa moja unajibu mawili: hukukitumia, na hukukitunza.

Kwa hiyo jambo lizungumzwe, na lizungumzwe mapema. Ila kabla ya kufungua mdomo, chukua futi. Namba haimtukani mtu. "Hatulipendi" ni hukumu juu ya aliyechagua. "Halipiti mlangoni" ni habari ya mlango.

Kwa samani kubwa, watu hupima chumba wakasahau njia ya kufikia chumba. Pima urefu wa kochi, kina chake kutoka ukingo wa mbele hadi mgongoni, na kimo chake. Kisha pima uwazi halisi wa mlango ukiwa umefunguliwa kabisa, na upana wa korido pale inapokata kona. Kochi lenye kina cha sentimita 95 na kimo cha sentimita 85 haliwezi kupita likiwa limekaa kawaida kwenye uwazi wa sentimita 76, lakini huenda likapita likiinamishwa. Utajuaje? Chukua ubao ulionyooka, uegemeze ubavuni mwa kochi kuanzia ncha ya juu ya mgongo hadi ncha ya mbele ya mkono. Kutoka kwenye ubao huo, kwa pembe mraba, pima hadi kona ya chini ya nyuma. Kipimo hicho kikiwa kidogo kuliko uwazi wa mlango, kochi litaingia likiwa limelazwa kwa mgongo na kuinamishwa, mradi mbele ya mlango pana nafasi ya kulinyoosha. Korido ikiwa fupi, litalazimika kusimamishwa kwa ubavu, na hapo urefu wake usizidi kimo cha mlango.

Miguu ya kochi ikifunguka, kimo hupungua sentimita kadhaa. Kung'oa mlango kwenye bawaba kunaongeza sentimita 3 au 4, kwa sababu hata ukiwa wazi, unene wa mlango hula sehemu ya uwazi. Zaidi ya hapo usilazimishe. Kochi lililosukumwa kwa nguvu huchana kitambaa na kulegeza viungo vya mbao, nalo likishapasuka hakuna duka litakalolirudisha. Na hata likiingia, acha sentimita 75 hadi 90 kwenye njia inayopitwa kila siku, na 40 hivi kati ya kochi na meza. Nafasi hiyo isipopatikana, jibu umeshalipata.

Vifaa vya umeme vina mtego mwingine. Kifaa kilichonunuliwa kwenye nchi inayotumia volti 110 hadi 120 hakichomekwi kwenye umeme wa volti 220 hadi 240. Volti ikiongezeka mara mbili, kifaa cha kupasha joto huvuta nguvu mara nne, na kinaungua papo hapo. Soma kibandiko cha nyuma au cha chini. Kikisema 100–240V, kinahitaji adapta ya plagi tu. Kikisema 120V peke yake, kinahitaji transfoma yenye uwezo unaozidi wati za kifaa kwa angalau robo. Mashine ya wati 1000 inataka transfoma ya wati 1250 au zaidi, na dude hilo si jepesi wala si dogo. Tena transfoma haibadilishi masafa ya umeme, yaani mizunguko ya mkondo kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi. Saa au mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikiwekwa kwenye hezi 50 huenda ikazunguka taratibu kwa kiasi cha sehemu moja ya sita. Hayo yote ukimweleza baba mkwe kwa utulivu, huku kibandiko kiko mkononi, ataelewa haraka kuliko ukimwambia "haifanyi kazi".

Friza kubwa nayo ina mambo yake. Ikisafirishwa ikiwa imelazwa, mafuta ya kompresa hutiririka kwenye mabomba; isimamishe saa 24 kabla ya kuiwasha, la sivyo kompresa inafanya kazi bila mafuta na kufa mapema. Kuhusu matumizi, kibandiko kikisema 260 kWh kwa mwaka, gawa kwa siku 365: ni yuniti 0.7 kwa siku, iwe imejaa au tupu kwa sehemu kubwa. Zidisha kwa bei ya yuniti unayolipa, kisha jiulize kama kuna kitu cha kuweka humo.

Zawadi inayohitaji kutunzwa ndiyo inayosahaulika katika hesabu. Tangi la samaki la lita 200 lina maji ya kilo 200. Ongeza kioo, kokoto na meza yake, unakaribia kilo 300 mahali pamoja. Sehemu ya kulikalisha isipokuwa sawasawa, kioo hupasuka. Halafu samaki hawatiwi siku hiyo hiyo: bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, kuwa nitriti na kisha nitreti huhitaji wiki 4 hadi 6 kuota, na samaki wakiingia kabla ya hapo wanakufa kwa amonia. Baada ya hapo kuna kubadilisha robo ya maji kila wiki, mwaka mzima, pamoja na kumtafuta wa kulisha mkisafiri. Mnyama mwenye manyoya ni kazi kubwa zaidi, na kwake jibu lazima litoke kabla hajaingia ndani. Akishapewa jina na watoto, mazungumzo yamekwisha.

Kuna fungu moja la zawadi nisilolihurumia hata kidogo: vitu vya mtoto mchanga visivyo salama. Hapo usitafute suluhu ya kati. Kitanda cha zamani cha mtoto kikaguliwe: nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, godoro lisiache pengo la kuingiza zaidi ya vidole viwili pembeni, na ubavu usiwe wa kushuka na kupanda. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa vitanda vya ubavu wa kushuka mwaka 2011, kwa sababu vifaa vyake hulegea na mtoto hunasa katikati. Mito, duveti na mikeka minene ya kuzungushia kitanda haitumiki mwaka wa kwanza, hata kama bibi ameishona kwa mkono wake. Kigari cha kumfunza mtoto kutembea kinampa mwendo kabla hajajua kuutumia, akaporomoka nacho ngazini. Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004. Kiti cha gari kilichokwisha tumika usikipokee kama hujui kimepitia nini. Kama kimewahi kuwa kwenye ajali, kimekwisha, hata kikionekana kipya. Tarehe yake ya mwisho mara nyingi imechapwa kwenye plastiki chini au nyuma, miaka 6 hadi 10 tangu kitengenezwe.

Ukiona vigumu kumwambia mama mkwe, mwombe afuatane nanyi kliniki, na swali aliulize mzazi wa mtoto mbele ya muuguzi. Jibu likitoka kwa mwenye taaluma, hakuna aliyeshindwa. Duveti la bibi litunzwe kwa ajili ya mtoto akikua, na aambiwe hivyo waziwazi.

Sasa nani aseme? Mwenye wazazi wake. Mke aseme na wazazi wake, mume na wake. Mzazi husamehe neno la mtoto wake kabla ya jioni. Neno lile lile likitoka kwa mkwe hukaa miaka. Ila mwenye kusema asijifiche nyuma ya mwenzake. "Mimi sina neno, ila mwenzangu hataki" ni sentensi inayookoa mtu mmoja dakika mbili na kuuza ndoa kwa wazazi. Sema "tumepima", "tumeona", "tunaomba".

Sema ndani ya siku tatu nne, si baada ya miezi mitatu. Maduka mengi huruhusu kubadilisha bidhaa kwa siku 14 hadi 30 tu, na hutaka risiti, boksi na vibandiko vikiwa vizima. Kwa hiyo usikate kibandiko wala kuchana boksi hadi uwe na uhakika. Mazungumzo yawe ya ana kwa ana au ya simu, kamwe si kwenye kundi la familia la WhatsApp, ambako mashemeji na mawifi watakuwa mahakimu kabla mshitakiwa hajajibu.

Maneno yenyewe yawe machache. Mfano: "Mama, tumeshukuru sana kwa kochi. Tulipotaka kuliingiza tumepima, mlango una sentimita 76 na kochi hata likiinamishwa linataka 82. Tunaomba tulibadilishe kwa lililo dogo kidogo kabla siku za kurudisha hazijaisha. Unaonaje tukaenda pamoja ukatuchagulia?" Mna shukrani, mna sababu moja, mna pendekezo, na mwisho mna nafasi ya yeye kuendelea kuwa mtoaji.

Sababu iwe moja. Hapa ndipo wengi huharibu. Ukitaja tano, zinasikika kama mashtaka, na kila moja itapatiwa dawa: ukisema rangi hailingani, utaletewa kitambaa cha kufunikia; ukisema miguu yake inayumba, baba mkwe atamtuma fundi aje kuikaza. Chagua ile isiyo na dawa, na uishikilie. Wakinuna, msirudi nyuma kwa simu ya usiku huo huo. Acha siku mbili zipite, kisha mwenye wazazi apige kuulizia jambo jingine kabisa. Heri nusu shari.

Kabla ya yote hayo, inafaa kujiuliza zawadi ilitoka wapi. Mara nyingi ni jibu la lalamiko alilolisikia mkwe. Mtu alisema mara moja kwamba nguo hazikauki msimu wa mvua, ikaja mashine ya kukaushia ambayo ni nusu ya bafu. Hapo hitaji ni la kweli, ukubwa ndio mkosi. Omba kitu kinachojibu hitaji lile lile kwa kipimo chenu, naye atajua kwamba alisikiliza vizuri. Hili huokoa uhusiano kuliko msamiati wote wa adabu.

Kwa vitu vya kati, ambavyo vinaenea lakini hamna hakika navyo, vipewe mwezi mmoja mahali panapoonekana, si kabatini. Kila kinapotumika, weka alama kwenye kalenda. Alama chini ya nne mwisho wa mwezi, kinaondoka.

Kinaondoka kwenda wapi? Swali la kwanza ni kwa aliyekitoa: je, angependa kirudi kwake? Akisema fanyeni mtakavyo, mpeni mtu aliye nje ya mzunguko wa ukoo. Kagueni kwanza mifuko, droo na mfuniko; kadi yenye maandishi "kwa wanangu" imeumbua wengi. Urithi una utaratibu wake: kabati la bibi haliuzwi. Wapeni kwanza ndugu wa upande huo, na wasipolitaka, pigeni picha, bakizeni kipande kinachokaa, kwa mfano kioo au droo moja iliyogeuzwa rafu.

Vipo vitu vinavyofaa kubaki kwa wakwe wenyewe. Farasi wa mbao, baiskeli ya magurudumu matatu, au meza kubwa ya kuchorea itatumika vizuri wajukuu wanapokwenda kwa babu. Pendekezeni hivyo, na mtoto akienda aipande mbele yao.

Kuhusu zawadi zijazo, tumeni vipimo kabla ya sherehe, si baada. "Tunatafuta meza isiyozidi sentimita 120 kwa 70" ni msaada mkubwa kwa mtu anayetaka kutoa na hajui atoe nini. Orodha hiyo hiyo iende pande zote mbili. Mkikataa televisheni ya inchi 75 ya upande mmoja kwa kuwa ni sentimita 166 na ukuta wenu una 150, msipokee ya inchi 75 ya upande wa pili mwaka ujao. Wazazi wa pande mbili hukutana, na wakikutana hulinganisha.