Samaki Ana Godoro, Mimi Nina Mkeka

Mimi sina ugomvi na mtu. Naamka, nanywa chai ya rangi na kiazi cha kuchemsha, naenda zangu kutafuta riziki. Lakini kuna watu walizaliwa ili wenzao wasipumzike, na mmoja wao ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayeishi Uingereza mwaka wa kumi na mbili sasa.

Ilianza na video kwenye kundi la familia la WhatsApp. Shemeji yuko kando ya ziwa, kavaa koti kubwa kama hema, amekumbatia samaki wa kilo kumi na mbili hivi. Samaki mnene, rangi ya shaba, vijindevu pembeni mwa mdomo kama mzee wa baraza. Shemeji akambusu. Nimesema akambusu. Halafu akapiga magoti, akamteremsha majini taratibu kama mtu anayemlaza mtoto mchanga, samaki akatikisa mkia, huyooo.

Mama mkwe ni mzaliwa wa Matema. Amekulia kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa, kala mbasa na usipa kabla hajaota meno. Akaomba video irudiwe. Ikarudiwa mara tatu.

“Amemponyoka?”

“Hapana mama, amemrudisha.”

“Amemrudisha kwa nani?”

Kikao cha ukoo kikaitishwa nyumbani kwangu Uyole. Soda zangu, viti vyangu, bando langu la kumpigia mgonjwa. Kwa nini kwangu? Eti mimi ndiye mtu wa samaki. Usamaki wangu wenyewe ni huu: nilidanganywa nikachimba bwawa Isyonje. Anayeijua Isyonje ameshaanza kucheka. Pale baridi inawatosha viazi na kabichi. Perege ni samaki wa joto, maji yakipoa anagoma kula, na asiyekula hakui. Perege wangu wa mwaka mzima walikuwa wanalingana na kiberiti. Mtu mmoja akanishauri niweke na kambale wachache wapunguze vifaranga wasijazane. Wakabaki kambale mmoja na huzuni yangu.

Basi, shemeji akapokea simu. Akasema samaki yule anaitwa kapi.

Mama mkwe akauliza, “Kapi ya kisimani?”

“Hapana mama, kapi samaki.”

“Makapi hayo. Ndiyo maana kayamwaga.”

Hapo shemeji akaanza kueleza, na kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kujichongea. Kwanza, amelipa leseni ya kuvua. Pili, amemlipa mwenye ziwa. Tatu, amelala siku mbili kwenye kihema kando ya maji, mvua inanyesha, akimngoja samaki ambaye masharti ya ziwa yanamkataza kuondoka naye. Chambo chake ni vidonge vya unga uliokandwa na mayai, vikatiwa ladha ya stroberi, vikachemshwa. Kidonge hakikai kwenye ndoano, kinaning'inia pembeni kwa kiuzi chembamba, maana kapi anavuta chakula mdomoni, akiona hakieleweki anatema. Ana meno, lakini yako kooni. Na akishavuliwa halazwi chini. Kuna godoro.

Nikamwambia arudie hapo.

“Godoro, shemeji. Asichubuke. Halafu ile sehemu ya ndoano tunampaka dawa.”

Nilimtazama mke wangu, yeye akatazama dari. Mwaka jana nilijikata na jembe hapa hapa, nikaambiwa nijikojolee kidole.

Shemeji akaendelea. Huko kapi ni mfalme, mjanja, anakumbuka, akinaswa leo kesho hakaribii. Wenyewe wanawatambua kwa mpangilio wa magamba na kuwapa majina. Mwaka 1952 bwana mmoja, Richard Walker, alimvua kapi wa kilo 20 kwenye bwawa la Redmire. Samaki akapelekwa kwenye bustani ya wanyama ya London, akaitwa Clarissa, akaishi huko miaka na miaka watu wakienda kumtazama. Mwingine, Two Tone, wa kilo 30 na ushee, alikufa mwaka 2010 akiwa mzee, na magazeti yakaandika habari za msiba.

“Wakamla?” mama mkwe akauliza.

“Mama, walimzika.”

Kikao kikanyamaza. Shangazi mmoja akaanza kufunga kitenge vizuri, kama mtu anayejiandaa kwa maombi.

Aliyemwokoa ni mjomba, na mjomba hajawahi kumwokoa mtu bila kumtia hasara. Yeye alisomea Praha enzi za Chekoslovakia, na tangu arudi hakuna mazungumzo yasiyopita Praha. Akasema kapi ni samaki wa Krismasi kule. Siku chache kabla ya sikukuu wanamnunua mzima sokoni, wanamweka kwenye bafu la kuogea, wanasubiri. Watoto wanampa jina, wanacheza naye, na siku ya kuchinjwa kilio nyumba nzima. “Na nyinyi mlikuwa mnaoga wapi?” nikamuuliza. Akasema hilo ni swali la mtu ambaye hajasafiri.

Lakini hapo ndipo mjomba alipoongea jambo la maana, mara moja kwa mwaka hutokea. Kwamba kapi akitoka kwenye maji yaliyotuama ana harufu ya udongo, inatokana na vijidudu vya majini vinavyoingia kwenye nyama, na siku kadhaa ndani ya maji safi humpunguzia. Na kwamba miba yake ni balaa. Haikai mgongoni tu, mingine imejificha ndani ya nyama, ina panda kama manati. Wenye akili wanamchanja minofu karibu karibu kwa kisu kikali, ili mafuta yapite na kuikausha ile miba. Gamba moja unaliweka kwenye pochi, hela zisikatike mwaka mzima. Akatoa pochi akatuonyesha lake, la mwaka 1984, limekauka kama ukucha. Ningelisifu, ila mjomba ana elfu thelathini yangu tangu Pasaka.

Nilichokereka nacho mimi ni huyo samaki mwenyewe. Hana msimamo. Uingereza anabusiwa. Ucheki, kwenye ile Praha ya mjomba, anawekewa saladi ya viazi. Ukienda Australia ni mhalifu: anachimbua matope, anang'oa majani, jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya milioni, na kuna majimbo ambako ukimrudisha majini akiwa hai umevunja sheria. Yaani kosa lile lile la shemeji, ziwa hili ni ustaarabu, ziwa lile ni mahakamani. Na hapo kwa jirani Kenya, kaingia Naivasha, mwanzoni watu wakamkataa kwa miba, sasa wanamla kama si wao.

Desemba shemeji akaja likizo. Masanduku mawili. Tukasogea wote, mama mkwe mbele, tukijua ni viatu. Likafunguliwa la kwanza: fimbo tatu za kuvulia, mizani, kengele za umeme. La pili: godoro.

Asubuhi akaomba unga na mayai. Mke wangu akampa mayai kumi na mawili ya kienyeji, mimi ninayeambiwa yai ni la wagonjwa. Akaviringisha vidonge, akavichemsha, akavianika uani. Kurudi, nusu havipo. Wanangu walikuwa wameshavimaliza na chai, na yule mdogo akasema vinashinda maandazi ya mama. Huo ugomvi nao sikuuanza mimi.

Tukaenda Isyonje. Nilikaa na shemeji kwenye ukungu ule usiku kucha, nimejifunika blanketi na gunia la viazi, tukilinda bwawa linaloenea kwenye uwanja wa netiboli. Saa kumi alfajiri kengele ikalia, mbwa wa kijiji kizima wakaitikia. Fimbo imepinda. Shemeji anavuta, anaachia, anavuta, akatoka naye: kambale. Yule yule! Mnene, mweusi, kichwa bapa, tumbo limejaa perege zangu za mwaka mzima. Mizani ikasema kilo nne na robo.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nikageuka kuchukua kisu kwenye mfuko. Kisu chenyewe sikuchelewa nacho, sekunde kumi, labda kumi na tano. Narudi nakuta kambale yuko kwenye godoro, kapigwa picha, anapakwa dawa mdomoni. Mimi nimetandikiwa gunia.

“Shemeji, usimwachie huyo.”

“Nimempa jina,” akasema. “Clarissa.”

Chubwi.

Mama mkwe alipopata habari hakusema neno. Alimsindikiza mwanawe hadi uwanja wa Songwe, akamwombea safari njema, akapunga mkono hadi ndege ikapotea. Kutoka pale hakurudi nyumbani. Alikodi bajaji, kisha akapanda daladala ya Tukuyu, akashuka Isyonje na kikapu na vijana wawili wenye majembe. Wakakata ukingo wa bwawa maji yakatoka. Jioni tulikula Clarissa kwa wali wa Kyela, na mjomba alirudia mchuzi mara tatu.

Sasa shemeji kila mwezi anatuma hela ya chakula cha Clarissa. Nami kila mwezi namtumia picha, zile zile za siku ile, leo nakata mkia, kesho nakata kichwa. Juzi kaomba tumpime tena uzito. Nikamuuliza mama mkwe nijibu nini.

“Andika kilo tano,” akasema. “Kwa hela anayotuma, asipoongezeka atatushtukia.”